Nafasi ya Bure Haitoshi: Elimu ya Awali na Mtoto Mwenye Ulemavu

Mwezi Julai 2024, Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa liliazimia kuunda kikundi kazi cha kuandaa itifaki mpya ya hiari ya Mkataba wa Haki za Mtoto, yaani nyongeza ya mkataba ambayo kila nchi huamua yenyewe kujiunga nayo. Azimio hilo, lililosukumwa mbele na Luxembourg, Sierra Leone na Jamhuri ya Dominika, linakusudia kutamka wazi kwamba haki ya elimu inaanzia katika malezi na elimu ya utotoni, na kuzitaka nchi zitoe elimu ya awali ya umma bila malipo, kwa kuanzia na angalau mwaka mmoja. Elimu ya sekondari nayo imo. Kikundi kazi kilikutana kwa mara ya kwanza jijini Geneva mwezi Septemba 2025, na miongoni mwa watu wanaowatetea watoto wenye ulemavu habari hiyo imepokewa kwa furaha inayoeleweka. Tafsiri inayosikika zaidi ni hii: ada ikiondoka, mlango umefunguka kwa wote, na mtoto mwenye ulemavu ataingia pamoja na wenzake. Ninaiunga mkono itifaki hiyo kwa dhati, lakini naona tafsiri hiyo ina kasoro kubwa. Kwa mtoto mwenye ulemavu, ada ni kizuizi kimoja kati ya vingi, na mara nyingi hata si cha kwanza. Msaada usipoandikwa kuwa sehemu ya haki yenyewe, na usipoanza kutolewa kabla hali ya mtoto haijapewa jina la kitabibu, nafasi ya bure itamfikisha mtoto darasani na kumwacha hapo.

Chanzo cha tatizo kimo katika maandishi ya sheria zenyewe. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 ulitaja ulemavu waziwazi katika kifungu cha 2 kinachokataza ubaguzi, ukatenga pia kifungu cha 23 kwa ajili ya watoto wenye ulemavu. Kifungu hicho, hata hivyo, kiliandikwa kwa tahadhari: msaada hutolewa kwa kadiri ya rasilimali zilizopo, na huwa wa bure pale inapowezekana. Kifungu cha 28, kinachohusu elimu, kilianza kuhesabu haki katika shule ya msingi, ambayo kiliitaka iwe ya lazima na ya bure kwa wote. Elimu ya awali hakikuitaja. Mtoto wa miaka 4 mwenye ulemavu akawa ameangukia katikati, kwa kuwa kifungu kimoja kinamtambua lakini kinamwekea masharti, na kingine kinadai kwa sauti kubwa lakini hakijaufikia umri wake. Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa Desemba 2006, uliziba sehemu ya pengo hilo. Kifungu chake cha 24 kinadai mfumo jumuishi wa elimu katika ngazi zote, pamoja na marekebisho stahiki, yaani kubadili mazingira au utaratibu ili umfae mwanafunzi, na msaada unaomlenga mtu mmoja mmoja. Cha 25 kinadai utambuzi wa mapema. Cha 26 kinataka huduma za utengamao, za kumsaidia mtu kujenga uwezo wa kujitegemea, zianze katika hatua ya mwanzo kabisa inayowezekana. Shida ni kwamba vifungu hivyo vitatu, vikifika serikalini, kwa kawaida hugawanywa: kimoja huenda elimu, kingine afya, kingine ustawi wa jamii. Mtoto ni mmoja, mafaili yake ni matatu, na anayeyabeba kutoka ofisi moja hadi nyingine ni mama yake.

Ukubwa wa jambo lenyewe unajulikana vya kutosha. Mwaka 2021 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto, UNICEF, lilikadiria kwamba duniani kuna watoto karibu milioni 240 wenye ulemavu, sawa na mmoja kati ya 10. Ripoti hiyo ilionyesha kwamba uwezekano wa watoto hao kuhudhuria elimu ya utotoni ulikuwa pungufu kwa asilimia 25 ukilinganishwa na wa wenzao wasio na ulemavu, na uwezekano wa kutowahi kabisa kuhudhuria shule ulikuwa mkubwa zaidi kwa asilimia 49. Namba hizi mbili zinapaswa kusomwa pamoja, kwa sababu zinahusu watoto walewale katika umri tofauti. Anayekosa darasa la awali hufika shule ya msingi, akifika, akiwa hajazoea kukaa katika kundi, hajazoeleka kwa walimu, na hana hata karatasi moja inayoeleza nini kinamsaidia. Mwalimu wa darasa la kwanza mwenye wanafunzi wengi humpokea kama fumbo, na fumbo katika darasa lililojaa mara nyingi hurudishwa nyumbani.

Umri huu una uzito wa pekee, na uzito huo una sababu za kimwili zinazoelezeka. Usikivu ni mfano mzuri. Mtoto anayezaliwa kiziwi hajifunzi lugha polepole tu. Asipopewa lugha inayomfikia, iwe ya alama au ya sauti kupitia kifaa cha kusaidia kusikia, anapitwa na miaka ambayo ubongo hujenga misingi ya lugha kwa wepesi kuliko wakati mwingine wowote. Ndiyo maana wataalamu wa usikivu wa watoto waliweka kanuni ya mwezi 1, miezi 3 na miezi 6: kupimwa kabla ya mwezi wa kwanza kuisha, kuthibitishwa kabla ya mwezi wa tatu, na kuanza kusaidiwa kabla ya mwezi wa sita. Macho nayo yana saa yake. Jicho moja likiwa na kasoro ambayo haijarekebishwa, ubongo huzoea kulipuuza, na tiba ya hali hiyo, ambayo aghalabu ni miwani na kulifunika lile jicho lingine lenye afya kwa saa kadhaa kwa siku, hufanya kazi vizuri zaidi kabla ya mtoto kutimiza miaka 7 hivi. Yapo pia matatizo yanayokuja na kuondoka, kama majimaji yanayojikusanya nyuma ya ngoma ya sikio, ambayo watoto wengi wa umri wa chekechea huyapata wakati fulani, na ambayo humfanya mtoto aonekane mkaidi wiki hii na msikivu wiki ijayo. Hesabu ya mwaka mmoja kabla ya darasa la kwanza, ambayo ndiyo kima cha chini kinachozungumzwa Geneva, inamkuta mtoto akiwa na miaka 5 au 6. Kwa wengi inatosha kuwazoesha shule. Kwa mtoto ambaye saa yake ilianza kuhesabu alipozaliwa, imechelewa sana.

Niliwahi kukaa nyuma ya darasa moja la awali asubuhi nzima, na kitu nilichokiona pale kimebaki nami kuliko ripoti yoyote. Mwalimu alikuwa akiimba na watoto wakifuata kwa vitendo: kaa, simama, shika kichwa, shika goti. Msichana mmoja wa miaka 4 hivi alifanya kila kitu sawasawa, ila kila mara alichelewa kidogo sana, muda wa kupepesa jicho. Macho yake hayakuwa kwa mwalimu. Yalikuwa kwa mvulana aliyesimama mbele yake. Watoto waliposimama, alisimama. Walipocheka, alicheka. Mwalimu alipowageuza watazame ukutani na kuwapa amri wakiwa wamempa mgongo, msichana yule aligeuka pamoja nao, akashusha mikono, akasimama tu. Baadaye mwalimu aliniambia kwa upendo wa wazi kwamba huyo ni mtoto mtulivu asiyesumbua. Alikuwa kwenye daftari la mahudhurio kila siku. Ada yake ilikuwa imelipwa. Kwa kipimo chochote cha takwimu za uandikishaji alikuwa amefikiwa na elimu ya awali, ilhali alichokuwa akijifunza pale ni ustadi mmoja tu, wa kuficha kwamba hasikii.

Simlaumu mwalimu yule. Hakuna aliyewahi kumfundisha kutazama hicho nilichokitazama, na mimi mwenyewe nilikiona kwa sababu nilikuwa nimekaa bila kazi nyingine. Ninachotaka msomaji akione ni kwamba msaada ninaouzungumzia huwa na umbo dogo na la kila siku. Fikiria mtoto mwenye mtindio wa ubongo aliyeketishwa kwenye kiti kirefu, miguu ikining'inia. Nguvu zake zote zinaishia kuzuia mwili usianguke. Mkono mmoja umeng'ang'ania ukingo wa meza, na kalamu ya rangi iko mbali kama iko chumba kingine. Weka kibao chini ya nyayo zake, na mto mwembamba kila upande wa nyonga. Mwili ukishapata pa kuegemea, mikono inaachiliwa, na mtoto aliyeandikwa kwamba hawezi kuchora anaanza kuchora. Au mchukue mtoto mwenye usonji anayelia kila kengele inapogongwa: mfululizo wa picha nne ukutani, zinazoonyesha wimbo, kisha chakula, kisha kucheza nje, kisha nyumbani, na mwalimu anayemgusia picha inayofuata dakika chache kabla ya mabadiliko, mara nyingi humpunguzia hofu ambayo adhabu isingeiondoa kamwe. Mambo haya hayataki jengo jipya. Yanataka mtu anayejua, muda wa kumtazama mtoto, na ruhusa ya kubadili utaratibu wa darasa kwa ajili ya mmoja.

Hapo ndipo tunapokutana na lango ambalo itifaki ikikaa kimya halitafunguka. Katika mifumo mingi msaada hautolewi mpaka mtoto awe na uthibitisho wa daktari unaotaja ulemavu wake. Kwa mtu mzima aliyepoteza mguu, sharti hilo linaeleweka. Kwa mtoto wa miaka 3 ni sharti lisilolingana na umri wenyewe, kwa sababu hali nyingi katika umri huo bado hazijajipambanua. Mtoto asiyezungumza anaweza kuwa haisikii sauti, anaweza kuwa na usonji, anaweza kuwa na ulemavu wa akili, anaweza kuwa anachelewa tu. Mtaalamu mwaminifu mara nyingi atasema tumtazame kwa muda. Muda huo wa kutazama ndio ambao mtoto angepaswa kuwa anasaidiwa. Marekani ililiona tatizo hili ikalitafutia dawa ya kisheria: sheria yake ya elimu maalumu inaruhusu majimbo kutumia kundi la ucheleweshaji wa makuzi, na tangu mabadiliko ya 1997 kundi hilo linaweza kutumika kwa watoto wa miaka 3 hadi 9, ili mtoto apate huduma kwa kuonyesha kwamba makuzi yake yamechelewa katika eneo fulani, bila kulazimishwa kwanza kuingizwa katika jina moja la ulemavu. Katika ngazi ya kimataifa, Kamati ya Haki za Watu wenye Ulemavu, inayosimamia mkataba wa 2006, ilikwenda mbali zaidi katika maoni yake ya jumla namba 4 ya mwaka 2016, iliposema kwamba marekebisho stahiki hayapaswi kufungwa kwenye utambuzi wa kitabibu, na kwamba kinachopaswa kupimwa ni vizuizi vinavyomkabili mwanafunzi. Chombo cha kupimia nacho kipo. Mwaka 2016 UNICEF na Kundi la Washington, kundi la wanatakwimu wa kimataifa wanaoshughulikia takwimu za ulemavu, walitoa dodoso linalomuuliza mzazi wa mtoto wa miaka 2 hadi 4 mambo ya kawaida: je, mtoto hupata shida kuona, kusikia, kutembea, kuokota vitu vidogo kwa mkono, kueleweka na kuelewa, kujifunza, kucheza, kujizuia? Jina la ugonjwa haliulizwi popote. Dodoso hilo liliundwa kwa ajili ya tafiti za kaya na halitoshi kuwa kipimo cha mtoto mmoja, lakini fikra iliyomo ndani yake ndiyo ninayoitetea.

Hoja za upande wa pili zinastahili kusikilizwa, na yenye nguvu kuliko zote ni ile ya subira. Wapo wazazi, madaktari na walimu wanaosema kwamba watoto hutofautiana mno katika umri huu, kwamba wengi wanaochelewa kuzungumza wakiwa na miaka 2 huwafikia wenzao kabla ya kuanza shule bila tiba yoyote, na kwamba kumwita mtoto mdogo mlemavu kunaweza kumfuata maisha yake yote. Hayo ni kweli, na hofu ya alama inayomng'ang'ania mtoto si ya kubuni. Lakini tazama hoja hiyo inakoelekea. Ikiwa tunaogopa kumpa mtoto jina mapema, basi dawa ni kutenganisha msaada na jina, jambo ambalo ndilo ninalolidai. Anayeogopa jina na wakati huohuo akadai cheti kabla ya msaada amejifungia mwenyewe. Pia madhara ya kukosea hayalingani. Mtoto ambaye angezungumza kwa wakati wake akisomewa vitabu vya picha zaidi, akipewa zamu ya kujibu na kusubiriwa, hapotezi chochote. Mtoto kiziwi akiambiwa asubiri, anapoteza kitu ambacho hakirudishwi kikamilifu. Subira huvuta heri pale anayesubiri anapokuwa na kitu mkononi. Kusubiri bila kusaidiwa kunamnufaisha tu yule ambaye asingehitaji msaada tangu mwanzo.

Hoja ya uhaba wa wataalamu ina uzito wa aina nyingine, kwa kuwa inaeleza hali halisi ya sehemu kubwa ya dunia. Wataalamu wa tiba ya usemi, wa fiziotherapia na walimu wa elimu maalumu hawatoshi, na waliopo hukaa mijini. Wanaoitoa hoja hii husema kwamba kuahidi haki isiyo na watu wa kuitekeleza ni kuwadanganya wazazi. Nakubali kwamba ipo kazi ambayo haiwezi kufanywa na mwalimu wa kawaida baada ya semina ya siku mbili: kumfundisha mtoto asiyeona nukta nundu, maandishi yanayosomwa kwa vidole, kumpa mtoto kiziwi lugha ya alama iliyo kamili, kumlisha salama mtoto anayepaliwa kila anapomeza. Kazi hizo zinataka wataalamu, na nchi isiyowafundisha leo haitakuwa nao baada ya miaka 10. Hata hivyo sehemu kubwa ya msaada wa umri wa awali hutokea ndani ya shughuli za kawaida za siku, na anayeziendesha shughuli hizo ni mwalimu na mzazi. Mtaalamu mmoja anayemhudumia mtoto kwa nusu saa kwa wiki katika chumba cha pembeni amempa mtoto nusu saa. Mtaalamu huyohuyo akiitumia nusu saa hiyo kukaa na mwalimu na kumwonyesha jinsi ya kumketisha mtoto, jinsi ya kumpa uchaguzi wa vitu viwili badala ya swali la wazi, jinsi ya kungoja jibu, amegusa kila saa ya wiki nzima. Kwa hiyo uhaba unatudai tuamue wataalamu wachache tulionao wafanye nini, na wizara nyingi hazijawahi kuufanya uamuzi huo kwa maandishi.

Kuna pia mjadala wa mahali: je, mtoto huyu akae katika darasa la kawaida au katika kituo maalumu? Nasimama na elimu jumuishi, kwa sababu watoto wa umri huu hujifunza kwa kuigana, na mtoto anayezungukwa na wenzake wanaozungumza, wanaogombania vitu na kupatana ana walimu wengi kuliko wale walioajiriwa. Lakini nawaheshimu wazazi wanaochagua kituo maalumu, maana mara nyingi wanachokichagua ni mahali pekee walipokuta mtu anayejua la kufanya. Na suala la watoto viziwi linahitaji uangalifu zaidi. Mtoto kiziwi aliye peke yake katika darasa la wanaosikia, hata likiwa na ukarimu wote, anaweza kukosa watu wa kuzungumza naye, na lugha haikui bila wazungumzaji. Mkataba wa 2006 wenyewe, katika kifungu cha 24, unazitaka nchi zirahisishe ujifunzaji wa lugha ya alama na kuhakikisha kwamba watoto wasioona, viziwi na viziwi wasioona wanafundishwa kwa lugha na njia zinazowafaa, katika mazingira yanayowakuza zaidi kimasomo na kijamii. Wanaosoma ujumuishi kuwa ni kumtawanya kila mtoto mmojammoja katika darasa la karibu na kwao wamesahau nusu ya kifungu.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayosikika kwa upole zaidi: tuanze na wengi kwanza, tujenge madarasa, tuajiri walimu, tuondoe ada, kisha watoto wenye ulemavu watafuata mfumo ukishasimama. Inajivika vazi la busara ya kiutendaji. Udhaifu wake wa kwanza ni kwamba inadhani mfumo uliokwisha kusimama ni rahisi kubadilishwa, wakati uzoefu wa kila fundi ni kwamba mlango mpana na njia ya mteremko ni gharama ndogo kwenye mchoro na gharama kubwa kwenye ukuta uliokauka. Ndivyo ilivyo kwa mtaala, kwa idadi ya watoto kwa mwalimu, kwa mafunzo ya walimu. Udhaifu wa pili unaonekana katika historia ya nchi ambazo leo hutajwa kuwa mfano. Marekani ilipopitisha sheria ya elimu kwa watoto wote wenye ulemavu mwaka 1975, watoto wa miaka 3 hadi 5 waliachwa kwa kiasi kikubwa mikononi mwa sheria za majimbo. Ilibidi yaje mabadiliko ya 1986 ndipo umri huo uingizwe ipasavyo, pamoja na mpango tofauti wa watoto tangu kuzaliwa hadi miaka 2. Italia, kwa sheria namba 517 ya 1977, ilifuta madarasa ya kuwatenga wanafunzi wenye ulemavu, ikaleta walimu wa msaada na kutaka darasa lenye mwanafunzi wa aina hiyo lisizidi wanafunzi 20. Shule za chekechea zilisubiri sheria nyingine, ya 1982, ili nazo zipate walimu hao. Nchi mbili zenye mila tofauti kabisa za elimu zinatoa ushahidi mmoja: haki iliyoandikwa kwa ajili ya shule haikuteremka yenyewe hadi kwa watoto wadogo, ilibidi iandikiwe kifungu chake. Kinyume chake kinaonekana katika Head Start, mpango wa Marekani wa elimu ya awali kwa familia maskini ulioanzishwa 1965. Mwaka 1972, mpango ukiwa bado mchanga, Congress, bunge la nchi hiyo, iliutaka utenge angalau asilimia 10 ya nafasi zake kwa watoto wenye ulemavu. Agizo hilo halikumaliza matatizo yote, lakini liliwalazimu waendeshaji kuwatafuta watoto hao badala ya kungoja waje mlangoni.

Kutafuta ndilo neno ambalo ningependa kuliona katika itifaki. Familia nyingi hazimpeleki mtoto mwenye ulemavu chekechea kwa sababu zimekwisha kuambiwa, na jamaa, na jirani, wakati mwingine na mhudumu wa afya, kwamba mtoto huyo si wa shule. Tangazo la elimu ya bure haliwafikii, kwa kuwa hawadhani linawahusu. Nchi inayosema nafasi ipo kwa atakayekuja imetimiza sehemu nyepesi ya wajibu. Kliniki za chanjo na za kupima uzito huwaona watoto karibu wote katika miaka yao ya mwanzo. Huko ndiko maswali manane kuhusu kuona, kusikia, kutembea na mengineyo yanaweza kuulizwa kwa mara ya kwanza, mradi jibu la ndiyo limpeleke mtoto kwa mtu fulani anayejulikana kwa cheo na mahali, ndani ya siku zinazohesabika. Kuuliza bila kuwa na pa kumpeleka ni ukatili kwa mzazi, na naelewa kwa nini baadhi ya wahudumu hunyamaza.

Kwa hiyo matokeo ya hoja hii kwa walioketi Geneva ni mahususi. Rasimu ikiishia kwenye ada na mwaka mmoja, serikali zitaripoti uandikishaji, na msichana yule niliyemtazama akiigiza nyimbo atahesabiwa kuwa mafanikio. Rasimu inapaswa kusema kwamba elimu ya awali ya bure inajumuisha gharama za msaada, vikiwemo vifaa, usafiri na msaidizi wa darasa pale anapohitajika, maana mzazi aliyesamehewa ada kisha akatakiwa kumlipa mtu wa kukaa na mwanawe bado analipa, na pengine analipa zaidi. Inapaswa kusema kwamba kwa mtoto mwenye ulemavu, au anayeonyesha dalili za kuchelewa kimakuzi, huduma huanza tangu hitaji linapoonekana na haisubiri mwaka wa mwisho kabla ya darasa la kwanza. Inapaswa kukataza cheti cha daktari kuwa sharti la kuandikishwa au la kupata marekebisho. Na ripoti za nchi zinapaswa kueleza ushiriki, si mahudhurio peke yake: ni watoto wangapi wenye mpango wa maandishi unaotaja wanachosaidiwa, nani anawasaidia, na mara ya mwisho mpango huo ulipitiwa lini pamoja na wazazi.

Serikali nazo hazina haja ya kungoja itifaki ikamilike, kwa sababu mkataba wa 2006 tayari unazibana nyingi kati yake. Kazi ya kwanza haihitaji bajeti kubwa: kuamua ni wizara ipi inambeba mtoto huyu kabla hajatimiza umri wa shule, na kuzilazimisha nyingine zimpelekee faili. Ya pili ni ya vyuo vya ualimu, ambako somo la elimu maalumu aghalabu hufundishwa kwa orodha ya magonjwa na dalili zake. Mwalimu wa awali angefaidika zaidi kwa kupewa wiki kadhaa za kukaa nyuma ya darasa, bila kazi nyingine, akimtazama mtoto mmoja na kuandika anatazama wapi, anashika nini, na anasimama kwa sababu amesikia au kwa sababu aliye mbele yake amesimama.